Kondoo Walikaa Kuume

Tanga lilikuwa juu yangu, maji yalikuwa chini yangu, na katikati sura ya kandida, muntu wa kugombea kura, ilikuwa inanichekea. Walikuwa wameichapisha kwenye kitambaa, kubwa kupita mulango, meno yote inje. Jua lilipenya, nikaona jicho lake moja limenikalia hapa, karibu ya pua. Nilikuwa nimemushika bibi yangu, mama ya watoto wangu, mukono. Alikuwa ndani ya iniforme ya waimbaji wa kanisa, wale wa koro: nguo ya kijani yenye mikono mipana, nayo ilikuwa imekunywa maji ikawa nzito kama simenti yenye kulowa. Nilivuta. Naye alinishika kwa kucha. Kisha akanishika kwa vidole. Kisha nikabaki nimekamata nguo tu, ikateleza, mwenyewe hayuko.

Nilipochomoza kichwa, ufukoni watu walikuwa bado wanapiga ngoma. Walifikiri ni muchezo wa kampanye. Pasta alikuwa amesimama juu ya meza na megafoni yake, anasema, "Musiogope! Musiogope!" Nani alikuwa anaogopa kule kwenye muchanga? Wenye kuogopa tulikuwa ndani ya maji.

Watu sita walikufa siku ile hapa kwetu Kalemie, mama watano na papa mumoja, wote wa koro. Karatasi ya polisi, ile PV, inasema: upepo wa ghafula. Kanisani walisema: uchawi wa Waislamu. Tangu siku ile unapewa uchague, upepo ao uchawi. Muntu hayuko mule ndani. Mimi niliacha masomo darasa ya ine, lakini usukani wa ule mutumbwi nilikuwa nimeushika mimi, na ninasema watu wako mule. Majina yao sitaandika, juu ya vile hapa mujini ukitaja jina la mukubwa, weye njo unafika parke, kwa mushitaki wa serikali, wa kwanza. Nitataja kazi zao tu, na kila muntu atawajua.

Mimi ni fundi wa mitumbwi. Baba yangu alikuwa fundi vilevile, alitoka Mpala, na alinifundisha sheria moja: mutumbwi hauingii ziwa kabla ya mutoto wake. Mutoto njo mutumbwi mudogo, urefu wa mukono tangu kiwiko, wa muti mwepesi, lakini umbo lake ni lile lile la mama yake: tumbo, ukingo, mulingoti, vyote kwa kipimo. Unamuweka ndani ya nusu ya pipa yenye maji. Unapanga kokoto pale watu watakaa. Kisha unafunga uzi kwenye mulingoti, mahali tanga linavuta zaidi, unapitisha uzi juu ya ukingo wa pipa, na mwishoni unatundika bulon, vile vyuma vya kukaza na nati, vyote uzito mumoja: moja, mbili, tatu. Zile bulon njo upepo. Unahesabu mpaka ukingo wa mutoto unakunywa maji. Akikunywa mapema, unakata mulingoti ao unapanua tumbo. Baba hakujua kusoma, na watu walikuwa wanamucheka, muzee muzima anacheza na maji ya pipa. Lakini mutumbwi wake haukupinduka na watu hata siku moja.

Wakati wa kampanye watu wawili walikuja kwenye kiwanja changu cha kazi, karibu na pale muto Lukuga unatoka ziwani: Pasta wa kanisa letu la uamsho, na kandida. Kulikuwa na mashindano ya mitumbwi ya tanga. Zamani yalikuwa ya wavuvi, kuonyeshana tu nani anajua kushika usukani. Mwaka ule kandida wa kanisa letu akasema ataweka mutumbwi, kandida wa upande wa musikiti naye akasema ataweka wake, na tangu hapo haikuwa mashindano tena. Ikawa kura kabla ya kura.

"Papa Fundi," kandida akaniambia, "ule mulingoti, uongeze."

"Kiasi gani, mukubwa?"

"Sura yangu ionekane mpaka kule soko."

"Soko watakuona. Na samaki wa chini watakuona vilevile."

Alicheka, akanipiga begani. "Fundi weye, una kinywa." Pasta hakucheka. Ningepaswa kujiuliza siku ile ile juu ya nini hakucheka.

Niliongeza mulingoti. Ninaandika hapa wazi wazi ili muntu asiseme nilificha. Lakini kabla ya kuongeza nilitengeneza mutoto, na bibi yangu alinisaidia kupima. Yeye alikuwa anatundika bulon, mimi jicho langu kwenye ukingo. Tulipanga kokoto kumi na mbili, hesabu ya abiria wa ule mutumbwi, zote upande wa kuume, uzi ukavuta kwenda kushoto. Mutoto alibeba bulon saba. Nikageuza uzi, ukavuta kwenda kuume, kule kule kokoto ziko. Bulon mbili. Ya tatu bibi alikuwa bado anaitafutia nafasi, mutoto akalala.

"Eh!" akasema. "Huyu amekunywa kama mulevi wa siku ya mushahara."

"Watu wakae kule upepo unatoka," nikamuambia. "Upepo ukigeuka, nao wageuke. Mulingoti tutauvumilia, kama watu wanahama."

Hiyo tu. Sasa musikie kilichofuata, muniambie kama ni upepo.

Habari ya kondoo kuume na mbuzi kushoto kila Mukristo anaijua. Pasta aliikuta, hakuitunga. Lakini mwaka ule aliiingiza ndani ya mashine ya kura. Picha ya kandida wetu ilikuwa upande wa kuume wa ile kioo ya mashine, na Pasta akaanza kuhubiri kila Jumapili: kondoo wanabonyeza kuume. Mwanzo tulicheka. Kisha benchi za kushoto kanisani zikaanza kubaki tupu. Ukikaa pale, shamasi, musaidizi wa Pasta, anakungojea mulangoni na tabasamu: "Mama, naona umekaa kushoto leo. Kura yetu iko salama?" Anauliza kama mizaha. Lakini anauliza. Niliona mama muzee mwenye sikio la kuume bovu akihama benchi yake ya miaka yote, akakaa kuume asisikie kitu, kuliko kukaa kushoto na kusikia.

Halafu ikatangazwa: koro njo watapanda mutumbwi wa kanisa, watu kumi na wawili, na wote watakaa upande wa kuume, kwenda na kurudi, muji wote uone kura yetu.

Nilibeba mutoto wangu na beseni ya maji mpaka kwenye biro ya Pasta. Nikaweka juu ya meza yake, nikapanga kokoto, nikatundika bulon mbele ya macho yake. Saba. Kisha mbili. Maji yakamwagikia makaratasi yake.

Aliinua karatasi moja, ikadondosha maji. Akaniuliza, "Na ukiomba?"

"Niliomba, Papa Pasta. Bulon haikupunguza uzito."

"Hii kazi ulifundishwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Alikuwa wa kanisa gani?"

"Katolika."

"Na tanga, anashona nani?"

Alijua anashona nani. Muji wote ulijua. Alitaka niseme mwenyewe. "Ni ule rafiki yangu Muislamu."

"Basi," akasema, kama muntu anafunga kitabu. "Acha hii kitu hapa. Nitaiombea."

Nikamuacha mutoto pale. Baada ya mazishi nilirudi kumuchukua, wakaniambia hawajaona mutoto yeyote, hawajaona beseni. Beseni ya bibi yangu! Nani anaiba mutumbwi wa urefu wa mukono, usiobeba hata panya? Anaiba mwenye kujua kile ule mutumbwi unasema.

Rafiki yangu wa matanga alikuwa wa zile familia za Waislamu za zamani, wenye babu zao walifanya biashara ya ziwa. Miaka mingi tulikuwa pamoja, mimi muti, yeye kitambaa. Alikuwa anashona matanga yote mawili, ya kanisa na ya musikiti, juu mushonaji mwingine wa kazi ile hayuko. Nilipomuambia maneno ya Pasta aliweka sindano chini.

"Weye Mukristo," akasema, "unapiga musumari kama unaua nyoka, lakini akili unayo. Niambie. Mukienda, kuume kwenu ni kusini, kule upepo unatoka. Mukirudi, kuume kwenu ni kaskazini. Pasta wenu anajua kama mutumbwi unarudi?"

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka akapoteza sindano.

Siku ya kuamkia mashindano, wakati wa chakula, nilimuambia bibi yangu asiende.

"Weye mwenyewe uliona bulon."

"Niliona."

"Basi ubaki. Ao uende, ukae kushoto."

"Nikikaa kushoto, Papa, kesho samaki yangu, ile ndagala, atainunua nani? Wateja wangu wote ni mama wa kanisa. Watasema kumbe niko na kura ya musikiti ndani ya tumbo."

"Huu ni mutumbwi, si kura!"

Aliniangalia kwa huruma, kama vile mimi njo sikuelewa. "Weye tu njo umebaki unafikiri ni mutumbwi."

Mutaniuliza: na weye Fundi, juu ya nini ulishika usukani? Nilishika juu ya majivuno. Nilisema moyoni, nikiwa pale nyuma, nitapiga kelele, watanisikia. Mimi fundi, mutumbwi wangu, bibi yangu. Nani atakataa kunisikia?

Asubuhi ile upepo ulikuwa wa kusini, wa kawaida, wala si mukali. Hata wavuvi wa ndagala walikuwa wametoka nao. Ninarudilia: wa kawaida. Shamasi alipanda nasi, kulinda utaratibu, ndivyo walisema. Niliona amenenepa siku ile, kanzu yake imejaa kifuani, nikafikiri amekula vizuri na kandida. Yeye njo alishika kamba ya tanga. Nilimuambia aishike mukononi, ili upepo ukizidi aachie. Akanionyesha: alikuwa ameifunga kabisa, mafundo mawili.

"Fungua," nikamuambia.

"Kandida hataki sura yake ikunjane."

Tukaenda. Kwenda ilikuwa raha, na hiyo raha njo ilituua. Upepo ulitoka kuume, koro walikuwa kuume, mutumbwi ukasimama wima kama muntu anasalimia bendera. Tukaacha mutumbwi wa musikiti nyuma. Ufukoni vigelegele, Pasta ndani ya megafoni: "Munaona kondoo? Munaona?" Koro wakaimba. Bibi yangu alikuwa karibu yangu, wa mwisho kwenye musitari, akageuka akanichekea: muone huyu na bulon zake.

Tulifika kwenye pipa jekundu la kugeukia. Nikageuza. Tanga likavuka juu ya vichwa, na upepo sasa ukawa upande wa kushoto.

"Hameni!" nikapiga kelele. "Kujeni kushoto, wote!"

Waliniangalia mimi, kisha wakamuangalia shamasi. Hakuna hata mumoja aliyeangalia maji. Bibi yangu alisimama nusu, mukono wake umekwisha kushika ukingo wa kushoto. Yeye alikuwa ameona bulon.

"Mama, kaa," shamasi akasema. "Unahamia kwa mbuzi?"

Wakacheka, wote. Na yeye akacheka kidogo, kwa haya, akakaa.

Hapo njo alikufa. Hakufia ndani ya maji. Alikufa pale alipokaa.

Ukingo wa kuume ulikunywa taratibu, wala haikuwa haraka. Nilipiga kelele kamba ifunguliwe, mafundo yalikuwa yamelowa, yamekaza. Mengine nimekwisha kuyasema. Wenye walituokota, musikie vizuri, ni mutumbwi wa musikiti. Waliacha mashindano yao, wakageuka, wakatuvuta mumoja mumoja kwa nywele na kwa nguo. Nahodha wao alikuwa analia wazi wazi. Na shamasi hawakuwa na haja ya kumuvuta. Alikuwa amesimama ndani ya maji kama kizibo, mabega juu, kanzu imefunguka, na chini ya kanzu jile ya kuelea, ya rangi ya machungwa. Muntu wa imani gani anavaa jile chini ya imani? Nani alimuambia aivae? Koro kumi na wawili na mimi hatukuwa na hata chupa tupu ya kushika.

Tulizika. Kandida alileta masanduku sita, yote sawasawa, na mupiga picha. Jumapili Pasta akapanda mimbari na kipande cha lile tanga. Alikuwa ameagiza walikate. Kwenye pembe, ndani ya mukunjo, walikuta kifundo kigumu kama ngumi ya mutoto, kimefungwa na kitambaa. Akakiinua juu.

"Hii ni nini?" akauliza.

Watu wakapiga yowe. Hirizi! Dawa ya Waislamu!

Mimi nilikuwa kwenye benchi ya wafiwa, mbele kabisa, upande wa kuume. Ninakijua kile kifundo kuliko ninavyojua goti langu. Ni nyavu ya zamani, imeviringishwa, mushonaji anaishona kwenye pembe ya tanga ili kamba ipate kitu cha kushika, pembe isichanike. Kila tanga kwenye ziwa hili liko nacho. Na wavuvi walikuwa mule ndani, walinyamaza. Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nataka kulia tu, nilikuwa nimezungukwa. Hizo zote ni sababu. Hakuna hata moja inayotosha.

Siku ile ile vijana wa kanisa walivunja cherehani ya rafiki yangu na kumwaga vitambaa vyake inje. Alipanda boti ya Kigoma na familia yake. Hakuniaga. Ningekuwa yeye nisingeniaga.

Siku ya kura ilifika kilio hakijaisha. Pasta alikuwa amesema, kila kura ya kuume ni chozi tunapanguza kwenye macho ya marehemu. Nikaingia mbele ya mashine, na kioo ikaniletea ile sura, meno yote inje, sasa ndogo kama stampi. Kidole changu kilisimama. Nyuma yangu muntu alikohoa. Nikajua, ao nikafikiri najua, ni nani anakohoa. Nikabonyeza. Kuume. Nilimupigia kura muntu aliyetaka mulingoti murefu, na kidole changu kikapakwa wino. Inje shamasi alikuwa hapo, kwenye kivuli.

"Papa Fundi. Umemupanguza mama machozi?"

"Nimepanguza," nikasema.

Kandida alishinda. Leo ni deputé, mubunge. Mimi nilipata akili nikiwa nimechelewa, nikaenda kwa mukubwa wa biro ya port, kule bandarini, aliyesaini PV pamoja na polisi. Nikamueleza kamba, mafundo, kuume, kushoto, pipa la kugeukia, yote. Alinisikiliza vizuri, alinipa hata kiti.

"Fundi," akasema, "nikiandika upepo, upepo haukatai. Nikiandika hao watu unaosema, watakataa."

"Na wenye walikufa?"

"Nao hawakatai."

Watoto wangu wanakua na mama aliyeuawa na Waislamu. Ndivyo wanaambiwa kwenye masomo ya Jumapili. Mukubwa wao ameacha kusalimia jirani zetu wa musikiti, wale wale wenye walinivuta kwa nywele. Nikimueleza habari ya uzi na bulon, ananiangalia kama mimi ninatetea wauaji. Hiyo njo siwezi kuimeza. Kifo nitakibeba, kila muntu anabeba chake. Lakini uongo umekaa nyumbani mwangu unakula sahani moja na watoto.

Kwa hiyo ninasema mbele ya kila mwenye kusoma. Mulingoti niliongeza mimi. Kanisani nilinyamaza mimi, na rafiki yangu alifukuzwa juu ya kimya changu. Nimejibu yangu, wala sikungoja kuitwa parke. Sasa, mheshimiwa deputé, weye ulikataza kamba isifunguliwe: jibu. Mukubwa wa port, weye uliandika upepo ukijua: jibu. Shamasi, weye ulisema "Mama, kaa" kwa bibi ya muntu aliyekuwa amesimama ili apone: jibu.

Na weye Papa Pasta, weye wa kwanza. Sikuombi uje kwangu kwa siri na machozi. Simama pale pale uliposimama, siku ya Jumapili, benchi zikiwa zimejaa, watoto wangu wakiwa ndani, useme kwa kinywa chako mwenyewe: nani aliwaamuru watu kumi na wawili wasihame? Niko inje ya mulango wa kanisa lako kila Jumapili. Mahubiri yako ninayasikia yote. Hilo moja bado sijalisikia.